Ushauri: Baba mkwe anataka gofu kwenye uwanja wenye miti, Kitante au Entebbe?

MkaziWaNtinda: Habari za jioni wakuu. Baba mkwe anakuja Oktoba kutoka Dar kuwaona wajukuu. Amecheza gofu tangu ujana, sasa ameomba angalau raundi moja kwenye uwanja wenye miti mikubwa na kivuli, maana upepo wa bahari ameuchoka. Mimi mchezo wenyewe siujui. Ni mzee ninayemheshimu sana, nataka siku yake iende vizuri. Nizingatie nini?

Bonde_la_Kitante: Kitante, hapa Kampala, ni mashimo 18, klabu ya tangu 1908, imekaa bondeni kati ya Kololo na Nakasero. Kwako ni karibu. Piga simu kwanza, siku za mashindano wageni hawapati nafasi.

ChumaNamba5: Mpeleke Entebbe, mkuu. Miti ya pale imekomaa, na Ziwa Victoria analiona huku anacheza. Chagua siku ya katikati ya wiki, saa moja asubuhi awe ameshaanza. Oktoba ni msimu wa mvua na mawingu ya ziwani hayabishi hodi: jua linawaka, mara radi hiyo. Honi ya kuonya radi ikipigwa aache kila kitu aingie ndani. Asijibanze chini ya mti hata kama mvua inamlowesha, radi hupenda miti mirefu.

Halafu achukue kedi (msaidizi wa mchezaji) wa palepale. Si wa kubeba begi tu, huyo ndiye anayejua grini (nyasi fupi zinazozunguka shimo) inainamia wapi. Na mpira ukiingia katikati ya mizizi, tafadhali mzee asilazimishe, mkono utaumia. Atangaze kuwa hauchezeki, akubali pigo moja la adhabu, audondoshe ndani ya urefu wa fimbo mbili, asilisogelee shimo. Mpira ukiwa chini ya matawi lakini una njia, atumie fimbo ya chuma namba 5, apige nusu, mpira upite chini chini urudi uwanjani.

Mama_Kaggwa: Naongeza. Entebbe ni zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kuliko Dar, kwa hiyo mpira utakwenda mbele kidogo kuliko alivyozoea. Pale anapotumia fimbo namba 6, ajaribu namba 7, ambayo hupeleka mpira karibu zaidi. Ila asubuhi nyasi zina umande, mpira ukitua hauviringiki sana.

Msafiri_Mutukula: Kadi ya chanjo ya homa ya manjano asiisahau. Shati liwe na kola, jinzi aziache nyumbani. Begi la fimbo aliulizie shirika la ndege kabla ya kukata tiketi, na vichwa vya fimbo avifunge taulo.

MkaziWaNtinda: Asanteni sana, mmenifungua macho. Itakuwa Entebbe. Mama watoto na wanangu nao wanataka kuja, watakaa wapi saa zote hizo?

ChumaNamba5: Bustani ya Mimea ipo jirani kabisa, ya tangu 1898, wanalipa kiingilio getini. Watoto watazunguka mpaka wachoke, na mbega weusi kwa weupe watawaona juu ya miti. Chakula kibaki ndani ya mfuko uliofungwa, tumbili wa pale hunyakua ndizi mkononi mwa mtoto. Mzee akimaliza, mkutane hapo mle pamoja.