Wali wa rangi wa Jumapili

Neema: Hamjambo wapishi. Jumapili nimepangiwa wali wa rangi, ule wa mboga na zabibu kavu. Nina basmati vikombe 3, karoti, njegere za kwenye friji, hoho nyekundu na manjano. Naanzaje?

Shangazi: Hatujambo mwanangu. Osha mchele mpaka maji yatakate, uloweke nusu saa, uchuje. Bila hivyo hautachambuka.

Juma: Mimi natia vyote kwa pamoja, nafunika, naenda kuangalia mpira 😂

Mama Zuhura: Ndiyo maana njegere zako zina rangi ya magwanda.

Neema: 😂😂 Shangazi endelea

Shangazi: Kaanga vitunguu, vikilainika tia manjano kijiko cha chai. Manjano hukolea kwenye mafuta. Ukiyanyunyiza kwenye maji unapata wali wa madoadoa. Karoti zifuate, zikate ndogo ndogo, geuza mpaka mafuta yageuke rangi. Ndipo mchele, taratibu, punje zisikatike. Maji ya moto vikombe 4 yanatosha, umeshakunywa ulipolowekwa. Chumvi, funika, moto mdogo.

Neema: Njegere na hoho je?

Mama Zuhura: Njegere zimwage juu maji yakikaribia kukauka, usikoroge. Hoho ukishaepua, mvuke unaitosha.

Juma: Zabibu mimi zinaniungulia kila siku

Shangazi: Zina sukari nyingi, Juma. Mafuta kidogo, moto mdogo, zikituna tu zitoe. Hata dakika haifiki. Na uzimimine kwenye sahani, maana ukiziacha kikaangoni zinaendelea kuiva.

Neema: Nina aprikoti kavu pia, ngumu kweli

Shangazi: Maji ya uvuguvugu dakika 15, kisha kata nyembamba.

Neema: Na bitiruti nitie?

Mama Zuhura: Weee! Sufuria nzima itakuwa nyekundu, manjano umeyatupa bure. Ichemshe kando, uipange juu wakati wa kupakua.

Shangazi: Ukiepua uache umefunikwa dakika 10, uuchambue kwa uma. Mwiko unauponda. Nusu ya zabibu changanya, nusu ya juu.

Neema: Naweza kupika asubuhi? Tunakula saa nane.

Mama Zuhura: Hapana mama, wali ukikaa vuguvugu saa nyingi unaharibu matumbo ya watu. Injika saa saba kasoro.

Juma: Ukoko wangu jamani, asiguse mtu

Neema: Njoo uoshe mchele kwanza 😏