Viza ya Innovator Founder ya Uingereza: kampuni ya vifaa vya kupimia kahawa inakubalika?

Mnunuzi wa Kiboko, Masaka
Habari za humu wakubwa. Sisi ni wawili, kampuni yetu imesajiliwa URSB (ofisi ya Uganda ya kusajili kampuni na hataza). Tunatengeneza bambo (kile chuma cha kuchoma gunia) lenye kihisio: unalichoma kwenye gunia la kiboko (kahawa kavu isiyokobolewa), linasoma unyevu na kutuma namba kwenye simu, mnunuzi asije akauziwa maji kwa bei ya kahawa. Tunataka kuhamia Uingereza kwa viza ya Innovator Founder, ile ya waanzilishi wa biashara. Ni lazima tuwe na pauni 50,000? Kampuni ya huku inahesabika? Na ukaazi wa kudumu unapatikanaje?

Fundi Mipango
Sharti la 50,000 liliondolewa Aprili 2023. Ila mpango wenu ukihitaji mtaji, mtaulizwa unatoka wapi.

Kabla ya kuomba viza kuna chombo cha uidhinishaji, yaani taasisi inayokagua mpango wenu wa biashara. Orodha iko gov.uk, nayo ni fupi. Tathmini ni pauni 1,000 kwa kila mmoja wenu, karibu shilingi milioni tano za Uganda, na mkikataliwa msitegemee kurudishiwa. Ukiidhinishwa kuna vikao visivyopungua viwili vya kufuatilia biashara, kila kimoja pauni 500. Barua ya idhini itumike ndani ya miezi mitatu.

Wanapima mambo matatu: ubunifu, uwezekano wa kutekelezeka, na uwezo wa kukua. Hapo ndipo mpango wenu wa sasa utakwama, maana Uingereza hakuna kiboko. Nani atanunua? Lakini kuna ngano na shayiri, na mikataba mingi ya ngano kule huweka kikomo cha unyevu cha asilimia 15. Ikizidi, mkulima hukatwa bei au mzigo unarudishwa. Andikeni mpango juu ya ghala la nafaka. Kihisio kilichopimiwa kiboko hakiwezi kusoma ngano bila kurekebishwa upya, kwa hiyo wekeni majedwali ya vipimo: sampuli ile ile iliyokaushwa kwenye oveni ya maabara na namba iliyotolewa na bambo. Kisha elezeni bambo lenu linashindaje vipima unyevu ambavyo wakulima wa kule wanavyo tayari. Ukurasa huo mmoja una uzito kuliko kurasa thelathini za makadirio ya mauzo.

Kampuni ya Uganda ni ushahidi kwamba mnaweza kazi. Biashara ya kuidhinishwa iwe mpya, na kila mmoja aonyeshe mchango wake katika wazo. Mwenye hisa tu, asiyejua kihisio kinafanyaje kazi, huumbuka kwenye mahojiano.

Dada Karatasi
Nyaraka sasa, maana watu wanaanguka kwenye vitu vidogo.

Kiingereza ni kiwango cha B2 (juu ya wastani). Uganda haimo kwenye orodha ya nchi zinazosamehewa, hata kama umesoma kwa Kiingereza tangu P1. Fanya mtihani unaokubalika, au shahada yako iliyofundishwa kwa Kiingereza ithibitishwe na Ecctis, shirika la Uingereza linalolinganisha vyeti vya nje. Waganda tunadaiwa pia cheti cha kifua kikuu, kinachodumu miezi sita.

Pesa ya kujikimu ni pauni 1,270 kila mmoja, ikae siku 28 mfululizo. Salio likishuka siku moja tu, hesabu inaanza upya. Ukiweka shilingi, acha nafasi ya kutosha juu, kwa sababu thamani hupimwa kwa kiwango cha siku ya kuomba. Pesa ya MoMo (pesa ya simu) ihamishie benki mapema. Na msisahau tozo ya afya: pauni 1,035 kwa mwaka, ya miaka yote mitatu ya viza inalipwa mara moja.

Mzee wa Kikokotoo
Ukaazi wa kudumu: baada ya miaka mitatu unahitaji idhini mpya na kutimiza vigezo viwili kati ya saba. Kwenu vinavyofikika ni pauni 50,000 zilizowekezwa na kutumika, na utafiti pamoja na ombi la kulinda ubunifu wenu Uingereza, kama hataza (patent). Kingine ni ajira kumi za muda wote. Mtego uko hapa: mkiwa wawili hamwezi kugawana kigezo kimoja. Ajira kumi ni za mtu mmoja, wawili mnahitaji ishirini. Na usikae nje zaidi ya siku 180 katika miezi 12 yoyote. Msimu wa kahawa Masaka usikumalizie siku.

Mkiambiwa habari za kadi ya kidijitali ya Estonia, hiyo ni ya kuendesha kampuni kwa mtandao. Haikupi ruhusa ya kuishi hata wiki.

Mnunuzi wa Kiboko, Masaka
Banange, asanteni. Bambo tumelionyesha kwenye maonyesho ya kilimo Jinja, na hataza bado hatujaomba. Tumeshaharibu?

Mzee wa Kikokotoo
Inategemea mlionyesha nini. Kwa sheria ya Uingereza kilichoshawekwa hadharani si kipya tena. Kama watu waliona bambo kwa nje na namba kwenye simu, bila kuelezwa ndani kuna nini, bado mna nafasi. Kama mlibandika mchoro wa kihisio ukutani, sehemu hiyo imekwenda. Marekebisho ya ngano, kama hamjamwonyesha mtu, yafungieni sasa, ombeni hataza URSB, kisha mna miezi 12 ya kuomba Uingereza kwa tarehe ile ile ya kwanza. Mpango mtakaoutuma kwa chombo cha uidhinishaji uende baada ya hapo.