Bomba Lililopasuka Usiku: Tupeane Uzoefu

Mama Rehema, Kansanga

Ndugu zangu, naomba tupeane uzoefu kuhusu mabomba ya maji yanayopasuka majumbani, nami nitaanza na yaliyonikuta mwezi uliopita. Ilikuwa saa nane za usiku niliposikia sauti niliyodhani ni ya mvua, lakini niliposhusha miguu kutoka kitandani nikakanyaga maji. Bomba linalopita chini ya sinki la jikoni lilikuwa limefumuka kwenye kiungo, na maji yalikuwa yakirukia ukutani. Nililifunga kwa taulo, jambo ambalo sasa linanichekesha, kwa maana taulo lenyewe lilitupwa upande wa pili wa jiko.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba sikujua koki kuu iko wapi, ingawa nimepanga nyumba hii kwa miaka minne. Jirani yangu, mzee mstaafu, alikuja na tochi na jembe, akafukua kando ya mita hadi akaikuta chini ya kifusi ambacho mwenye nyumba alikimwaga alipokuwa akitengeneza ua. Wakati huo gunia la unga wa posho, magodoro mawili na madaftari ya watoto vilikuwa vimekwisha kulowa. Nauliza: wenzangu mlifanyaje, na kwa nini mabomba haya huchagua usiku?

Fundi wa Walukuba, Jinja

Pole sana, Mama Rehema. Mchana kila nyumba imefungua maji, kwa hiyo nguvu yake hugawanyika. Usiku watu wakilala, presha hupanda na kukaa hapo hadi alfajiri. Huko Kampala maji ya ziwani husukumwa kwa pampu kutoka Ggaba hadi kwenye matangi yaliyo juu ya vilima kama Muyenga, kisha huteremka yenyewe kwenda majumbani, na kila mita 10 za kimo ambacho maji hushuka huongeza takriban baa 1 ya presha. Anayeishi bondeni hufurahia maji yenye nguvu wakati wa kuoga, lakini viungo vyake ndivyo vinavyoubeba mlima.

Hata hivyo, presha peke yake si kawaida kupasua kiungo kilichofanywa vizuri. Mabomba ya PPR, yale ya plastiki yanayounganishwa kwa kuyeyushwa, hutaka mashine iliyofika nyuzi 260, na bomba la milimita 20 hupashwa moto kwa sekunde 5 tu kabla ya kusukumwa ndani ya soketi bila kulizungusha. Likipashwa kidogo mno halishiki; likipitiliza, plastiki huvimba ndani na kuziba njia ya maji. Nasema haya kwa uchungu, maana nilipokuwa mwanafunzi wa kazi niliwahi kuunganisha bomba ambalo bado lilikuwa likidondoka maji, kwa sababu mwenye nyumba, mwalimu mmoja, alikuwa na haraka nami niliona aibu kumwambia asubiri likauke. Kiungo kilidumu wiki tatu. Nililipa zulia lake kwa mafungu, na mpaka leo nikiona unyevu kwenye mdomo wa bomba naweka mashine chini.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalitilii maanani. Maji yakirudi baada ya kukatika siku mbili, mabomba huwa yamejaa hewa, na hewa hiyo ikisukumwa kwa kasi hupiga viungo kwa kishindo. Fungua bomba moja kidogo kidogo, uliache likohoe mpaka maji yatulie, ndipo ufungue mengine. Na kama ukuta wako hugonga kila unapofunga bomba kwa ghafla, mwite fundi aweke vali ya kupunguza presha baada ya mita, kwa sababu mlio huo ni wa viungo vinavyochoka.

Sauda wa Kasese

Mimi bomba langu halikupiga kelele hata kidogo, na ndiyo maana lilinigharimu kuliko la Mama Rehema. Kwa kawaida nyumba yangu hutumia yuniti 6 kwa mwezi. Ghafla ankara ikaja na yuniti 13, mwezi uliofuata 17. Niligombana na mpangaji wa chumba cha nyuma nikidhani anawauzia watu maji kwa jerikani, na namwomba msamaha hapa hapa, kwa sababu yuniti moja ni lita 1,000, yaani jerikani 50 za lita 20, na hakuna mtu ambaye angebeba jerikani zaidi ya 500 kwa mwezi uani kwangu bila mimi kumwona.

Aliyenitoa gizani ni kaka yangu. Aliniambia nifunge mabomba yote usiku, niandike namba za mita, kisha nizisome tena kabla mtu yeyote hajanawa uso. Namba zilikuwa zimesogea. Tukatembea juu ya njia ya bomba na kukuta kipande cha majani mabichi kabisa, katikati ya kiangazi, mahali ambapo mbuzi wa jirani walikuwa wakipapenda sana. Mbuzi walikuwa wamegundua kabla yetu.

Abdalla, Busia

Duka likiwa limefungwa, kata mpira wa ndani wa baiskeli uwe utepe mrefu, uuvute kwa nguvu na kuuzungusha juu ya ufa huku kila mzunguko ukilalia nusu ya uliotangulia, kisha ukaze kwa waya. Lakini funga koki kwanza. Mpira huo ni wa kukufikisha asubuhi. Nyumbani kwetu uliachwa miaka miwili, nasi tukajuta.

Mzee Juma, Entebbe

Naomba niseme kwa niaba ya wenye nyumba, kwa kuwa naona tunakaribia kuhukumiwa. Kwangu mimi bomba lililo ndani ya ukuta ni langu, na mpangaji akinipigia simu usiku mimi huja na koti juu ya pajama. Lakini nimewahi kumkuta mpangaji aliyetundika nguo zote za familia kwenye bomba la nje, lile la plastiki ambalo jua lilikuwa limekwisha kulikausha, halafu akaniuliza kwa nini limevunjika. Kuhusu kifusi, hapo sina utetezi. Mwenye nyumba aliyeifukia koki amekosa.

Niongeze onyo moja. Maji yakifika dari au soketi za umeme, usiende kukinga ndoo kabla ya kuzima swichi kuu, nayo uizime ukiwa umesimama pakavu. Kama huwezi kuifikia bila kukanyaga maji, watoe watu nje kwanza. Boya la tangi langu lilikwama mwaka juzi, maji yakafurika darini, na taa ya sebuleni ilikuwa imejaa kama bakuli huku bado ikiwaka.

Mama Rehema, Kansanga

Asanteni wote, na Mzee Juma, shikamoo. Jana nilisoma mita saa nne za usiku na tena saa kumi na moja alfajiri, nayo haikusogea hata tarakimu moja. Koki sasa imejengewa kisanduku cha matofali chenye mfuniko wa bati, na binti yangu wa miaka tisa anaweza kuifunga; tumemjaribu mara mbili, mara ya pili gizani. Mwenye nyumba amekubali kulipa godoro moja kati ya mawili. La pili tunalizungumzia bado, na nimemwalika aje kuliona, kwa sababu anasema limekauka, nami ndiye ninayelala juu yake.