Besi imepoteza makali baada ya kubadilishiwa voliumu: kosa liko wapi?

Besi wa Chumbageni

Wakuu, habari za jioni. Napiga gitaa la besi katika kwaya yetu hapa Tanga, na gitaa lenyewe ni la muundo wa Jazz Bass: pikapu mbili (siyo zile za kubebea mkaa, bali vinasa sauti vilivyo chini ya nyuzi), voliumu mbili na toni moja, bila betri. Mwezi uliopita lilianguka kutoka kwenye stendi wakati wa mazoezi, na kishina cha voliumu ya pikapu ya mbele kikakatika kabisa. Fundi redio mmoja wa Ngamiani aliniwekea nyingine siku hiyohiyo, kwa bei ambayo sikuona sababu ya kuvutana naye.

Tangu hapo nina matatizo mawili. Kwanza, sauti imekuwa butu, kana kwamba spika imefunikwa blanketi, hata nikiifungua toni yote. Pili, nikiifunga voliumu mpya hadi mwisho, gitaa zima linanyamaza, ilhali nikiifunga ile ya zamani hunyamaza pikapu yake peke yake. Je, pikapu iliumia katika kuanguka? Naomba ushauri kabla sijanunua nyingine.

Kijana wa Makorora

Pulizia dawa ya kusafishia swichi ndani ya hiyo voliumu, kisha izungushe mara ishirini. Hewa yetu ya chumvi huharibu sana vitu hivi.

Mzee wa Ampli

Dawa hiyo hufaa voliumu inayokwaruza, na mwenzetu hakusema kwamba inakwaruza. Ndugu yangu wa Chumbageni, hifadhi fedha zako. Pikapu iliyokatika waya huwa kimya, au hutoa sauti nyembamba na dhaifu. Haiwezi kuinyamazisha mwenzake.

Fungua kifuniko utazame maandishi yaliyo mgongoni mwa voliumu mpya. Gitaa lako linahitaji A250K, yaani ukinzani wa kiloomu 250, na nina wasiwasi kwamba umewekewa ya redio, ambazo mara nyingi ni 50K au pungufu. Voliumu zako mbili zikiwa wazi kabisa, pikapu zote huzibeba kwa pamoja: 250 na 250 hukupa kiloomu 125, lakini 250 na 50 hukupa takriban 42 tu, na mzigo wa namna hiyo hula kwanza noti kali. Ndiyo maana hata pikapu ambayo haikuguswa imekuwa butu.

Itazame pia herufi. A hupanda kwa namna sikio linavyosikia. B hupanda kwa usawa, hivyo unaizungusha sehemu kubwa bila kuona tofauti, kisha sauti inaporomoka karibu na sifuri.

Mchoma Risasi

Naunga mkono maelezo ya mzee, nami niongeze kuhusu lile tatizo la pili, kwa kuwa kubadilisha kifaa peke yake hakutaliondoa. Katika Jazz Bass, waya wa pikapu hufungwa kwenye mguu wa kati wa voliumu, na waya unaokwenda kwenye jeki (tundu la kuchomeka waya wa ampli) hutoka mguu wa pembeni. Mguu uliobaki huunganishwa na ethi, yaani waya wa ardhi. Fundi wa redio amezoea kinyume chake, sauti iingie pembeni itoke katikati, na katika gitaa la voliumu moja angekuwa sahihi. Kwako, kuifunga voliumu hiyo kunapeleka jeki yote kwenye ethi. Piga picha ya voliumu ya zamani, uifuate mguu kwa mguu.

Kabla ya kununua, pima tundu la ubao wa vitufe, kwani voliumu kubwa huhitaji takriban milimita 9.5 na nyingi ndogo huingia kwenye 8. Unapolehemu ethi kwenye mgongo wa voliumu, ukwaruze kwanza kwa msasa na utumie chuma chenye joto la kutosha ili umalize haraka. Chuma dhaifu hukulazimu kukiegemeza muda mrefu, na ndicho kinachoiunguza voliumu kwa ndani.

Besi wa Chumbageni

Shikamoo mzee, na ahsanteni nyote. Ilikuwa imeandikwa B50K, na waya wa pikapu ulikuwa pembeni kama alivyosema Mchoma Risasi. Nimepata A250K, mita imesoma 243 kati ya miguu miwili ya pembeni, na jana nimeilehemu mwenyewe kwa kufuata picha. Makali yamerudi, na kila voliumu inafunga pikapu yake. Kilichobaki ni kitufe: kishina kipya ni cha mviringo usio na meno na kile cha zamani kilikuwa na meno, kwa hiyo natafuta kitufe cha kukazwa kwa skrubu ya ubavuni. Kwa sasa naizungusha kwa vidole vitupu.