Wekstesheni za zamani: prosesa au chipu za michoro?

Mwalimu wa Kompyuta, Kisumu
Ndugu zangu, hamjambo. Ninaandaa somo la historia ya kompyuta kwa wanafunzi wangu wa sekondari, na maelezo niliyo nayo yanalinganisha wekstesheni (kompyuta zenye nguvu za kazi za kitaalamu) za miaka ya 1980 kwa megahezi, yaani kasi, za prosesa pekee. Kwa kipimo hicho, Sun-3 na IRIS 3000 ya Silicon Graphics zinakaribiana sana, kwa kuwa zote zilitumia prosesa ya Motorola 68020 ya megahezi 16 hivi. Mbona basi wachoraji wa maumbo ya vipimo vitatu waliipendelea IRIS? Je, prosesa haikuwa na uzito wowote?

Fundi, Nakuru
Hujambo Mwalimu. Uzito ilikuwa nao, lakini kwanza tuulize hesabu za mchoro zilifanywa na nani. Katika Sun-3 ya kawaida mzigo huo uliiangukia 68020 yenyewe, ikisaidiwa na chipu ya 68881 katika hesabu za desimali. Katika IRIS, prosesa ilituma tu nukta za pembe za umbo, kisha zikapokewa na safu ya chipu ziitwazo Geometry Engine, zilizobuniwa katika Chuo Kikuu cha Stanford na Jim Clark pamoja na Marc Hannah. Katika mpango wa awali wa mwaka 1982 chipu hizo zilikuwa 12, zote za aina moja ila kila kundi na kazi yake: 4 zilizidisha matriki (majedwali ya namba) ili kulizungusha na kulisogeza umbo, 6 zilikata sehemu zilizotoka nje ya dirisha, na 2 zilirekebisha vipimo vilingane na skrini. Nukta moja ilipokuwa ikikatwa, nyingine nyuma yake ilikuwa tayari inazungushwa, na kasi ya jumla ilitokana na mpangilio huo. Kwa mwandishi wa programu, hata hivyo, safu yote hiyo ilikuwa gharama isiyomletea faida.

Msomaji, Kakamega
Naongezea kwamba prosesa iliamua mambo mengine kabisa. Motorola 68000, prosesa iliyotangulia 68020, haikuweza kuendelea na amri iliyokatizwa kwa sababu ukurasa unaotakiwa haumo katika kumbukumbu, hivyo kumbukumbu pepe (kutumia diski kana kwamba ni sehemu ya kumbukumbu) ilikuwa taabu kubwa. Kampuni ya Apollo iliweka prosesa mbili za 68000 katika wekstesheni yake ya DN100 ya mwaka 1981 ili kuikwepa kasoro hiyo, na prosesa iliyofuata, 68010, ndiyo iliyoiondoa. Hakuna chipu ya michoro ambayo ingeziba pengo hilo.

Mwalimu wa Kompyuta, Kisumu
Asanteni sana. Kwa hiyo niwaambie wanafunzi kwamba kwa michoro, chipu maalumu ilishinda daima?

Fundi, Nakuru
La, Mwalimu, tafadhali usiwaambie hivyo, kwa maana Indy, wekstesheni ya Silicon Graphics ya mwaka 1993, inakataa. Ilipouzwa na michoro ya XL, hesabu zote za maumbo zilifanywa na prosesa kuu. Ile ya XZ ilikuwa na Geometry Engine 4. Mwenye prosesa ya R4600, ambayo ilikuwa hodari kwa namba nzima na dhaifu zaidi kwa desimali, alikuwa na sababu nzuri ya kutaka XZ. Lakini ilipokuja R5000 mwaka 1996, iliyobuniwa kwa kuzingatia hesabu za namna hiyo, prosesa iliweza kuzipita chipu zile katika baadhi ya kazi, na mwaka huohuo O2, wekstesheni nyingine ya Silicon Graphics, ikatoka ikiwa imeziachia R5000 na R10000 hesabu za maumbo, huku chipu nyingine ikijaza rangi za pikseli. Naona jedwali lako lifaalo ni lenye safu tatu kwa kila mashine: nani anazungusha umbo, nani analikata, na nani anajaza pikseli. Megahezi ziandike pembeni.