Fuawe kuukuu na jiliwa la mguu: nikague nini kabla ya kununua, na nivisafishe vipi bila kuviharibu?

Mwanagenzi wa Wete

Assalaam alaykum, ndugu zangu. Mimi ni mwalimu wa skuli hapa Wete, na katika saa za mapumziko ninajifunza uhunzi kwa kufua vitu vidogo kama ndimi za mbuzi za kukunia nazi, bawaba na komeo za milango. Mpaka sasa ninafulia juu ya kipande cha reli kilicholetwa kutoka Tanga. Kinanisaidia, lakini kina uso mwembamba na hurukaruka kila ninapopiga kwa nguvu.

Karibu na Chake Chake kuna familia inayouza vifaa vya marehemu mzee wao aliyekuwa mhunzi: fuawe ya Kiingereza (chuma kizito cha kufulia), jiliwa la mguu (kibano cha skrubu chenye mguu unaofika chini), makoleo na vichwa vya nyundo visivyo na mipini. Vyote vimekaa muda mrefu chini ya banda la makuti, na hewa ya bahari imevila. Ubavuni mwa fuawe pameandikwa PETER WRIGHT, na kando yake zipo tarakimu 1 2 0, ambazo muuzaji anazisoma kuwa ni kilo 120, na bei yake ameipanga kwa hesabu hiyo. Kingo zimemegeka upande mmoja, na uso umebonyea kidogo katikati. Fundi mmoja wa kuchomelea amenishauri nimpelekee azijaze kingo kisha ausage uso wote mpaka unyooke. Skrubu ya jiliwa imeganda kabisa. Naomba ushauri wenu kabla sijatoa pesa.

Mstaafu wa Karakana, Unguja

Waalaykum salaam, Maalim. Naanza na uzito, kwa sababu ndio unaogusa mfuko wako. Fuawe za Peter Wright zilitengenezwa Dudley, Uingereza, katika zama ambazo Waingereza walipima vitu vizito kwa mafungu ya ratili 112. Tarakimu ya kwanza huhesabu mafungu hayo, ya pili huhesabu robo zake, yaani ratili 28 kila moja, na ya tatu ni ratili zilizosalia. Kwa hiyo 1 2 0 ni 112 na 56, jumla ratili 168, sawa na kilo 76 hivi. Mfafanulie muuzaji hesabu hiyo kwa upole, maana yaelekea hana nia mbaya, na mkiweza iwekeni mizanini mbele yake.

Pili, pima matiko ya uso, yaani ugumu wake. Tafuta gololi ya beringi kuukuu yenye upana wa sentimita mbili hivi, simamisha rula juu ya fuawe, kisha iachie gololi kutoka sentimita 25 bila kuisukuma. Ikirudi mpaka sentimita 18 au zaidi, uso una matiko mazuri. Rudia jambo hilo kila sehemu, kuanzia karibu na pembe mpaka upande wa tundu la mraba, kwa sababu fuawe za aina hii zina mwili wa chuma laini kilichofuliwa, na juu yake limeunganishwa bamba la pua, yaani chuma kigumu, kwa moto na nyundo. Mahali ambapo bamba limeachana na mwili, gololi hufa ghafla na nyundo ndogo hutoa sauti ya kukwaruza badala ya mlio safi. Fuawe iliyopitiwa na moto wa banda hupoteza matiko uso mzima hata kama kwa macho inaonekana haina kasoro. Gololi ikirudi chini ya nusu kila mahali, mshukuru mwenye mali na uondoke.

Wengi huhukumu kwa mlio peke yake. Kwa Peter Wright kigezo hicho kinafaa, lakini usikitumie kwa kila fuawe: zile za Fisher zilizotengenezwa Trenton, Marekani, zina mwili wa chuma cha kusubu (kilichoyeyushwa na kumiminwa katika kalibu) na uso wa pua, na hazilii hata zikiwa nzima kabisa.

Binti Mhunzi, Mkoani

Maalim, ninakuomba kwa dhati usiruhusu grainda iguse uso wa fuawe hiyo. Nimekulia katika ua wa mhunzi, na nimeona fuawe njema ikiharibiwa kwa jioni moja na mtu aliyeitakia mema. Bamba la pua si nene, na huenda limeshapungua kwa miaka ya kazi. Ili kuondoa bonde la milimita tatu katikati, itabidi usage milimita tatu kutoka katika sehemu zote zilizo nzima, na hapo unalipa fedha ili kuitupa pua ambayo huwezi kuirudisha.

Kuchomelea kingo nako kuna hatari yake. Joto kali la sehemu ndogo juu ya chuma baridi huifanya pua ya jirani iwe kavu na yenye kuvunjika, na baada ya muda ukingo mpya hubanduka pamoja na kipande cha ule wa zamani. Anayeijua kazi hiyo huipasha fuawe yote joto la zaidi ya nyuzi 200 kabla ya kuanza, hutumia vijiti vinavyoafikiana na pua hiyo, kisha huiacha ipoe polepole ikiwa imefunikwa. Muulize fundi wako atakipashaje chuma cha kilo 76. Asipokuwa na jibu, basi umelipata jibu lako.

Tena kingo kali hazihitajiki. Kona kali huacha mkato kwenye chuma cha moto, na mkato huo ndio unaokuja kuwa ufa. Pale palipomegeka, palainishe kwa tupa mpaka pawe mviringo, na ufanye kazi kwenye upande ulio mzima. Hilo bonde la katikati nalo usilichukie, kwani bamba lililopinda hunyoka upesi zaidi linapopigwa juu ya bonde kuliko juu ya uso ulio sawa. Kwa ulimi wa mbuzi, uliofuliwa kwa kipande cha springi ya gari na kukatwa meno kwa tupa, sentimita chache za uso mzuri zinatosha kabisa.

Mvuvi Fundi, Nungwi

Kuhusu kutu: fuawe yenyewe isugue kwa brashi ya waya na mafuta ya taa, basi. Makoleo na vichwa vya nyundo vilaze katika siki usiku kucha, visugue, vioshe kwa maji yenye magadi ili kuiua asidi, uvikaushe juani na kuvipaka mafuta papo hapo, kwa sababu chuma kilichotoka kwenye siki hushika kutu mpya kabla hujamaliza kunywa chai. Usiviache vikazidisha muda, kwani siki ikimaliza kutu huanza kula chuma chenyewe.

Kutu nzito huondolewa kwa umeme. Yeyusha magadi katika ndoo ya plastiki, unganisha waya hasi wa chaja ya betri ya volti 12 na kifaa chako, na waya chanya na kipande cha chuma cha kawaida, na vyuma hivyo viwili visigusane. Usitumie maji ya bahari wala chumvi, kwani hutoa gesi ya klorini. Usitumie chuma kisichoshika kutu upande wa chanya, kwani maji yatabaki na sumu ya kromiamu. Fanya kazi hiyo uwanjani mbali na moto, kwa sababu mapovu yake ni haidrojeni, na zima chaja kabla ya kutia mkono.

Springi ya jiliwa usiitie katika siki wala katika umeme huo. Pua yenye matiko hunyonya haidrojeni na huweza kukatika ghafla.

Mwanagenzi wa Wete

Mwenyezi Mungu akulipeni kheri nyote. Nitakwenda na gololi na rula. Yamebaki mawili: skrubu iliyoganda, ambayo nilikusudia kuitia motoni mpaka iwe nyekundu, na mafuta yanayofaa kwa hewa yetu hii.

Mstaafu wa Karakana, Unguja

Maalim, usiifikishe kwenye wekundu. Katika majiliwa mengi ya zamani, mizunguko ya ndani ya nati imeshikizwa kwa shaba nyeupe, na moto mkali huilegeza, na hapo jiliwa lote huwa limekwisha. Mimina dizeli iliyochanganywa na mafuta mepesi ya injini, uiache siku kadhaa huku ukiongeza, kisha gonga kichwa cha skrubu kwa nyundo ya mbao na ujaribu kuizungusha kidogo mbele na nyuma. Ikifunguka, itazame sehemu ya skrubu iliyokuwa ikifanya kazi zaidi: mizunguko ikiwa imeliwa mpaka ncha zake zimekuwa kali, omba bei ipunguzwe.

Kwa ulinzi, mafuta ya nazi yanatosha kwa kifaa unachokitumia kila siku, lakini hayakauki na hunata vumbi. Kwa kinachokaa, pasha chuma joto la kuungua mkono tu, kisha upake mafuta ya kitani yaliyochanganywa na nta, ambayo hukauka na kuacha utando. Sifa ya papa inayopakwa vyombo nayo hulinda, ila harufu yake haitoki katika nyumba. Wakati wa masika kague vifaa kila wiki.

Mipini ichongwe kwa mti wa mpera uliokauka vyema, na uitie wakati wa kaskazi, maana mpini uliotiwa katika unyevu wa masika hulegea jua likirudi. Vichwa ambavyo sehemu ya kupigia imefumuka na kufunga ukingo visage ukingo huo kwanza, kwa sababu vipande vyake huruka na kupofua. Fuawe ikae juu ya gogo zito kwa kimo ambacho vifundo vya ngumi yako vinaugusa uso wake ukisimama wima, na uizungushie mnyororo kiunoni: hupunguza mlio, na majirani wa Wete watakuwa na raha.