Mama ana miaka 74 na ameanza kusahau: tumkatazie maziwa?

Binti Mkubwa:
Wakubwa shikamooni. Tangu miezi michache iliyopita mama yangu amekuwa akisahau mambo ya karibuni. Juzi alijimiminia maziwa kikombeni, akabaki ameshika jagi, kisha akaniuliza ni nani aliyeyaomba. Mdogo wangu anashikilia kwamba mafuta ya maziwa yanaharibu ubongo na kwamba tumkatazie kabisa, ilhali asubuhi mama hana hamu ya kitu kingine. Ana kisukari, na ametumia metformini kwa miaka tisa. Naombeni ushauri.

Muuguzi Mstaafu:
Marahaba, mwanangu, na pole. Kilichonishtua si maziwa bali ni hiyo metformini, kwa kuwa ikitumiwa miaka mingi huweza kupunguza ufyonzwaji wa vitamini B12, na upungufu wake huleta usahaulifu, kuchanganyikiwa na ganzi miguuni. Uzee nao huzidisha tatizo, maana tindikali ya tumbo inayoitenganisha vitamini hiyo na chakula hupungua kwa wazee wengi. Mtu mzima anahitaji takriban mikrogramu 2.4 kwa siku, na kikombe cha mililita 250 za maziwa hutoa karibu 1. Mkimwondolea bila kuweka mbadala, mtamwongezea upungufu. Mpelekeni apimwe B12 na homoni za tezi ya shingo, wala msimwachishe dawa kwa uamuzi wenu wenyewe.

Mlezi wa Baba:
Kuhusu mafuta, utafiti wa Hisayama nchini Japani, uliochapishwa mwaka 2014 baada ya kufuatilia wazee zaidi ya 1,000 kwa miaka 17, ulionyesha kwamba waliotumia maziwa zaidi walipata Alzheimer, ugonjwa wa ubongo unaopoteza kumbukumbu polepole, kwa uchache, ingawa ufuatiliaji wa namna hiyo hauthibitishi kwamba maziwa ndiyo yaliyowakinga. Hata hivyo mdogo wako hajakosea kabisa, kwani mpango wa ulaji wa MIND, uliobuniwa kulinda ubongo, unashauri kupunguza siagi na jibini. Ningempa maziwa yaliyopunguzwa mafuta.

Binti Mkubwa:
Asanteni sana. Mama hulalamika kwamba haihisi sakafu vizuri chini ya nyayo, nasi tukadhani ni kisukari tu. Nitampeleka wiki hii, na kikombe chake hatutakiondoa.

Muuguzi Mstaafu:
Hilo la nyayo mwambie daktari kwanza kabla ya yote, maana huenda kweli ni kisukari, lakini ganzi inayotokana na upungufu wa B12 ikicheleweshewa tiba inaweza kubaki ya kudumu.